Aliyeitikia Hodi

Gari lenyewe lilikuwa Wolseley ya mwaka 1956. Majirani waliliita Austin, na watoto wa mtaa wakaliita Morisi, lakini Pandu Fakiri hakuchoka kuwasahihisha. Kwake yeye, kukiita kitu kwa jina lisilo lake kulikuwa ni kukivunjia heshima. Alipewa na mjane mmoja wa Morningside, mtaa wa Durban, aliyechoka kuona gereji yake imejaa chuma kisichotembea. Likakokotwa kwa kamba hadi Chatsworth, likawekwa uani nyuma ya jiko, juu ya matofali.

Pandu alikuwa amestaafu ufundi wa malori kule Clairwood. Watoto wake wote walikuwa wameoa na kuolewa, na nyumbani alibaki yeye na mkewe, Zulekha. Nyumba yao ilikuwa moja ya zile walizopewa Wazanzibari wa Durban walipoondolewa na serikali ya ubaguzi kutoka King's Rest na kuletwa Chatsworth kwa malori, vyombo vyao vikiwa juu na wazee wao wakiwa juu ya vyombo. Pandu alikuwa kijana wakati huo. Alimwona mama yake akishushwa mbele ya nyumba asiyoichagua, akiwa ameshika birika mkononi. Hapo alijiapiza kwamba yeye, maadamu yu hai, hatahamishwa tena. Baadaye aliinunua nyumba ile ikawa yake, na kila alipoitazama aliona kiapo chake kimesimama kwa matofali na chokaa.

Kwa hiyo mkaguzi wa Baraza la Jiji alipoanza kuja, Pandu hakumpenda, ingawa mtu mwenyewe hakuwa na ubaya. Alikuwa Mhindi mnene wa makamo, Bwana Naicker, mwenye sauti ya upole na viatu vilivyong'arishwa. Alieleza kwamba sheria ndogo za Baraza haziruhusu gari lisilotembea kukaa wazi katika uwanja wa nyumba ya kuishi. Ama liondolewe, ama lijengewe banda lenye paa, kuta na mlango. Na ndani ya banda hilo asilale mtu.

Pandu alijenga. Alisaidiwa na Anaclet, Mkongo wa Bukavu aliyefika Durban kwa ajili ya vita, ambaye naye alikuwa na Peugeot 403 yake mbovu na mapenzi ya magari ya zamani yasiyo na dawa. Walijuana katika kundi la wapenzi wa magari hayo, lililokuwa likikutana Jumapili kuonyeshana karabureta kama watu wengine wanavyoonyeshana picha za wajukuu. Anaclet alifanya kazi katika yadi ya malori Clairwood, na huko ndiko walikopeleka injini ya Wolseley ili ifunguliwe. Viti vilikuwa kwa mshonaji. Ndani ya banda lilibaki bodi tu, tupu kama kopo.

Siku Bwana Naicker aliyokuja kulikagua banda, ilikuwa asubuhi ya jua kali. Alilizunguka, akapiga mabati kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakohoa.

"Bwana Fakiri, kuna jirani amelalamika. Anasema huyu Mkongo analala humu."

Anaclet alikuwa amesimama pale pale. "Mwambie, Papa Pandu," akasema kwa Kiswahili, "mimi nalala kwangu na bibi na watoto ine, kitanda iko moja. Kama ningekuwa na motokari ya kulala peke yangu, ungeniona nimenenepa."

Pandu alitafsiri, akiacha nusu. Bwana Naicker akatabasamu, lakini macho yake yalibaki mlangoni. Ndipo Pandu, kwa kutaka kumaliza jambo lile kwa mzaha, akasogea kwenye banda alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe na kugonga bati.

"Hodi," akasema. "Hodi humo ndani. Serikali imekuja."

"Karibu," ikajibu sauti kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya mtu mzima, isiyo na haraka. Sauti ya mtu aliyekaa kwake akisubiri chai.

Bwana Naicker hakujua Kiswahili, lakini masikio yake yalikuwa mazima. "Nani huyo?" akauliza.

Pandu alifungua mlango. Wolseley ilikuwa juu ya matofali yake, haina injini, haina viti. Mkaguzi aliinama akachungulia chini, akafungua buti, akatazama hata darini. Hapakuwa na mtu, wala pahali pa mtu kujificha. Kulikuwa na harufu tu, harufu ya ngozi mpya ya viti, nzuri, nzito, kama katika duka la magari.

"Hakuna mtu," Pandu alisema.

"Nimemsikia, Bwana Fakiri. Na wewe umemsikia." Bwana Naicker alijifuta shingo kwa kitambaa. "Mpe mwezi mmoja ahame. Asipohama, tutabomoa banda na gari litachukuliwa. Na hapo, samahani, watu wa ofisini wataanza kuuliza habari za nyumba yenyewe, nani anakaa na nani hakai. Mimi nisingependa wafike huko."

Mkaguzi alipokwisha kuondoka, Anaclet alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Papa, ulimwita nani?"

"Sikumwita mtu. Nilikuwa nafanya mzaha."

"Eish. Na yeye hakufanya."

Pandu hakumwambia mkewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno ya aina ile hakujua aanzie wapi. Alitia komeo, akakaa siku kadhaa bila kwenda bandani. Lakini mafagio ya Zulekha yalikuwa humo, na asubuhi moja Zulekha akaenda kuyatoa. Komeo lilifunguka, mlango haukufunguka. Aliusukuma kwa bega. Kisha, kwa ile tabia tuliyolelewa nayo ya kutosukuma mlango kimya kimya, akasema, "Hodi."

Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

"Karibu, mama," akaambiwa.

Alitoka na fagio, akaingia jikoni, akamwambia mumewe aliyekuwa akinywa uji, "Mwambie rafiki yako Anaclet asinifungulie mlango bila kujitokeza. Si adabu."

"Anaclet yuko Clairwood," Pandu alisema.

Zulekha aliweka fagio chini polepole. Ndipo Pandu akamweleza yote, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, kwani alikuwa akinong'ona, mchana kweupe, ndani ya nyumba yake.

Yule wa bandani hakukaa bandani. Adhuhuri moja Zulekha alitoka uani kuanika nguo, akaacha mchuzi motoni. Alipogeuka, mlango wa jiko ulikuwa umefungwa. Haukuwa na ufunguo, ufunguo wake ulipotea miaka mingi. Alimwita Pandu, wakasukuma wote wawili, na mlango haukutikisika hata kidogo, kama vile si mlango bali ni sehemu ya ukuta. Ndani walisikia kijiko kikizungushwa katika kikombe. Harufu ya ngozi mpya ilipenya chini ya mlango, ikifuatwa na harufu ya mchuzi unaoungua.

"Usiseme," Pandu alinong'ona.

"Sufuria yangu iko motoni."

"Acha iungue."

"Na pazia je? Pazia liko karibu na moto, Pandu."

Moshi ulianza kutoka dirishani, kwanza mweupe, kisha wa rangi ya kahawia. Jirani aliita kutoka upande wa pili wa ukuta kuuliza kuna nini. Pandu alipiga mlango teke mpaka kidole kikavimba. Zulekha alimtazama, akautazama ule moshi, akausogelea mlango.

"Hodi."

"Karibu, mama," sauti ilisema, na mlango ukaachia.

Jikoni hapakuwa na mtu. Juu ya meza palikuwa na kikombe kimoja, kimenywewa, na chini yake kimewekewa kisahani, kama anavyofanya mtu mwenye ustaarabu wake.

Baada ya hapo ilikuja zamu ya chumba cha kulala. Walikuwa wamejiapiza wasitamke lile neno, na jioni moja walikaa sebuleni wakisinzia vitini. Lakini dawa za Pandu za moyo zilikuwa kabatini mwa chumba kile, na kifua kilipoanza kumbana, Zulekha hakungoja kuulizwa: alikwenda mlangoni akalitamka.

Maalim Sumaili alikuja baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu chache, aliyezoea kuitwa kwa wagonjwa wa majini wa jamaa zetu pale Bayview, na mara nyingi alimaliza kazi yake kwa kisomo na maji ya waridi. Safari hii alikaa uani. Hakutaka kuingia ndani mpaka asikilize habari yote tangu mwanzo. Anaclet naye alikuwapo.

Pandu alipofika pale alipogonga bati, Maalim alimkatiza.

"Ulisema nini? Nitajie neno lenyewe."

"Nilisema hodi."

"Hukusema salamu?"

"Hodi tu. Ni kitu kimoja, Maalim."

"Si kitu kimoja." Maalim alisema pole pole, bila ukali. "Salamu unaitoa hata kwenye nyumba tupu. Tumefundishwa hivyo: ukiingia mahali pasipo na mtu, jisalimie mwenyewe na waja wema wa Mungu. Salamu ni dua. Hodi si dua. Hodi ni kuomba ruhusa, na ruhusa huombwa kwa mwenye nyumba. Wewe umejenga chumba kipya, hakijaingiwa na mtu, hakijasomewa, ukasimama mlangoni mwake ukaomba ruhusa ya kuingia. Ukawa mgeni kwa kinywa chako mwenyewe. Aliyekuwa akipita akasikia kwamba pana nafasi ya mwenyeji."

Kutoka bandani ulisikika mlango wa gari ukifungwa, kwa ule mlio mzito, laini, ambao magari ya siku hizi hayana.

"Milango mingapi?" Maalim aliuliza, sauti yake imeshuka.

"Banda," alisema Pandu. "Jiko. Chumba cha kulala."

"Mlango wa mbele?"

"Bado."

Maalim alisoma. Alisoma akizunguka banda, alisoma akinyunyiza maji, alisoma mpaka jasho likalowesha kanzu yake mgongoni. Alipofika mbele ya mlango wa jiko alisita, akakohoa, akarudi nyuma.

"Namsomea, na yeye ananifuatia," alisema. "Nikikosea herufi, ananisahihisha. Huyu hana chuki nanyi, na hilo ndilo linalonitia hofu. Angekuwa mwizi ningemfukuza. Yeye anajua yuko kwake. Mgeni hamtoi mwenyeji, Mzee Pandu. Labda aje mtu ambaye hakuomba ruhusa, avunje lile banda huyu alilopewa kwanza. Akikosa mzizi, huenda akaondoka."

"Mutu gani haombe ruhusa?" Anaclet aliuliza, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Baraza. Papa, Baraza hawaseme hodi."

"Hawakusema King's Rest," alisema Zulekha. Hakuwa akitania.

Pandu alitazama chini. Alitazama mikono yake yenye makovu ya spana, akafikiri juu ya Wolseley, jinsi alivyoikwangua kutu mlango kwa mlango, jinsi alivyopata taa ya nyuma iliyofanana kabisa na ile iliyovunjika, na akajua kwamba ataitoa. Angetoa magari kumi ili abaki na nyumba.

Alikwenda ofisini kwa Bwana Naicker asubuhi iliyofuata, akaomba abomolewe banda. Katika kazi yake yote, alisema Bwana Naicker, hajapata kuombwa jambo hilo na mtu yeyote. Alimshauri aliuze gari, banda alibomoe mwenyewe. Pandu alisema yeye hawezi kulibomoa, lazima waje wao, na waje bila kugonga.

"Bila kugonga?"

"Tafadhali, Bwana Naicker. Msigonge. Msiseme lolote."

Siku moja kabla ya wao kuja, baada ya magharibi, Pandu alikwenda kuliaga gari. Alijua ni upumbavu. Alisimama mbali na banda, mlango ukiwa wazi, akinuia kulitazama tu, na pale alipokuwa amesimama aliona mwanga mdogo wa manjano ukiwaka mbele ya gari, akatambua kwamba ni ile nembo ndogo ya katikati ya grili ambayo kwenye Wolseley huwaka taa ndani yake ili jina lisomeke gizani, jina kamili, herufi zote, ingawa gari lile halikuwa na betri wala waya mmoja uliofungwa mahali pake, na kabla hajapata nguvu ya kurudi nyuma akasikia injini ikinguruma kwa upole, silinda zote sita zikienda sawasawa kama alivyoota siku nyingi kuzisikia, injini ambayo yeye mwenyewe aliipeleka hadi Clairwood na ambayo kwa saa ile ilikuwa imetandazwa vipande vipande juu ya turubai la Anaclet, na mlango wa upande wa abiria ukafunguka kwa adabu, harufu ya ngozi mpya ikamjia usoni kama pumzi, na ile sauti isiyo na haraka, iliyokuwa sasa na furaha kidogo ya mtu anayemwonyesha mgeni mali yake, ikasema, "Karibu, Pandu. Panda, tutembee kidogo," naye akaona mguu wake wa kulia ukitangulia.

Zulekha alimkamata kwa nyuma ya shati. Hakusema kitu, alivuta tu, mpaka vifungo vikakatika.

Watu wa Baraza walikuja asubuhi na mashine. Bwana Naicker alishika ahadi yake: hakugonga, hakusalimu, alinyoosha mkono tu. Mashine ikaliinua paa, ikakunja mabati, kuta zikalala. Wafanyakazi waliifunga Wolseley minyororo wakaipandisha loriani, na ilipoinuliwa, chini yake hapakuwa na kitu ila matofali yake na doa la mafuta. Haikupiga kelele. Hakuna aliyelia, hakuna kilichovunjika. Anaclet alivua kofia kama kwenye maziko, akasema, "Pole, Papa," akaondoka kwenda kazini na macho yamemlowa.

Bwana Naicker alimpa Pandu mkono. "Sasa hakuna tatizo tena," alisema. "Nyumba ni yako. Pumzika."

Walikaa uani mpaka vumbi likatulia. Pandu alinusa hewa. Kulikuwa na harufu ya vumbi na ya majani yaliyokanyagwa, basi. Zulekha alikwenda akaugusa mlango wa jiko, ukafunguka kwa kidole. Alirudi akiwa na uso ambao Pandu alikuwa hajauona tangu siku ya mkaguzi, uso wa mkewe.

"Tuingie kwa mbele," alisema. "Kama Maalim alivyosema. Kwa salamu."

Walizunguka nyumba. Waliingia barazani, Zulekha akiwa na mkoba wake begani, kwa kuwa siku hizo alikuwa haachi mkoba wake popote. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kidogo. Pandu alisimama wima, akasafisha koo, akatoa salamu kwa sauti ya mtu aliye kwake.

"Wa alaykumu salaam," ilijibu sauti kutoka sebuleni, "wa rahmatullahi wa barakatuh." Kila herufi ilitoka mahali pake. "Karibuni, karibuni ndani. Poleni kwa kazi ya leo."

Miguu yao iliwaingiza. Hakuna kati yao aliyeweza kueleza baadaye kwa nini hawakukimbia, ila kwamba salamu ilikuwa imejibiwa vizuri, na mtu aliyejibiwa vizuri hageuzi mgongo. Sebuleni dirisha lilikuwa limefunguliwa na mapazia yamefungwa kwa utepe. Mezani palikuwa na chai imekwisha kumiminwa katika vile vikombe vya maua ambavyo Zulekha alivifungia kabatini kwa ajili ya wageni. Vilikuwa viwili. Kiti cha Pandu, kile cha karibu na redio, kilikuwa kimebonyea katikati, na ngozi yake kuukuu iling'aa na kunukia kana kwamba imetoka kwa mshonaji jana.

Walikaa kwenye kochi la upande wa mlango, mahali wanapokaa watu waliokuja kutoa pole au kuleta barua ya harusi. Walikaa ukingoni, magoti pamoja. Chai ilikuwa tamu kwa kiasi walichokipenda.

"Nimefurahi sana mmekuja," ilisema sauti kutoka kitini. Kikombe kilichokuwa hakionekani kiliwekwa juu ya kisahani kilichokuwa hakionekani. "Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Mtakuwa nami siku ngapi?"

Pandu alifungua kinywa. Alitaka kusema kwamba hii ni nyumba ya Pandu bin Fakiri, wa King's Rest, aliyeinunua kwa jasho lake na kuapa juu yake. Alilitafuta jina lake na kulikuta mahali pake, zima, lakini halikutaka kutoka mbele ya mwenye nyumba.

Zulekha aliweka kikombe chake chini, akapandisha mkoba wake begani.

"Tumepita tu," alisema. "Hatukai."